Wajane Wawili, Simu Moja: Asubuhi ya Kazi ya Bridget Adongo wa Kondele

“Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa Jumamosi,” Gichuki anasema kwa mara ya tatu, na safari hii anapiga meza kwa kiganja.

“Sirudishi,” anajibu Bridget Adongo bila kugeuza kichwa. Macho yake yako kwenye kompyuta.

“Mama wa watu amepoteza maji, Bridget.”

“Najua. Ndiyo nayatafuta. Ukiendelea kupiga meza nitayapata saa ngapi?”

Ni saa tatu asubuhi, Jumatano, katika chumba cha ghorofani mtaani Kondele, mjini Kisumu. Chini kuna duka la vipuri vya pikipiki, na kando ya duka fundi anachomelea vyuma. Kila fundi akiwasha mashine yake, taa ya chumbani inafifia, na Bridget anaweka mkono juu ya kompyuta kama mtu anayemtuliza mtoto asishtuke.

Kwenye benchi karibu na mlango wameketi wanawake wawili waliofika kutoka Ahero. Wamebanana ingawa benchi ni refu. Mkubwa ni Beldina Okinyi, ambaye amevuka miaka sabini. Mdogo ni Rachael Okinyi, wa hamsini na kitu. Wote ni wajane wa mume mmoja. Kati yao kuna mkoba mweusi, na ndani ya mkoba kuna simu moja ya vibonyezo.

Simu hiyo ndiyo iliyozua yote haya, ingawa chumbani bado hakuna anayejua.

“Sasa nyinyi wawili mkimaliza kugombana mtuambie,” anasema Rachael. “Sisi tumekuja kwa sababu ya maji. Ugomvi tunao wa kutosha nyumbani.”

Beldina anamgusa goti. “Waache. Hawa wakigombana ndiyo wanafikiri.”

Bridget, mwenye umri wa miaka 36, ni mtengeneza programu za kompyuta. Yeye na Gichuki wameajiriwa na Ushirika wa Mfereji wa Tatu, chama cha wakulima wa mpunga katika tambarare za Kano. Kazi yao ni kuhakikisha kila mkulima anajua siku yake ya kupata maji, siku yake ya trekta na siku yake ya kupeleka mpunga kinuni. Habari hizo humfikia mkulima kwa ujumbe wa simu.

Kwa muda mrefu programu hizo zilikuwa tatu na kila moja iliishi kivyake. Ya maji aliiandika Bridget. Ya trekta aliiandika Gichuki kabla hawajafahamiana. Ya kinu iliandikwa na mtu aliyehamia Nakuru bila kumwachia yeyote maelezo. Kila programu ilikuwa na orodha yake ya wakulima, kwa hiyo mtu akibadilisha namba ya simu ilimbidi apite madirisha matatu akisema jambo lile lile.

“Nani atafika dirisha la tatu?” anauliza Bridget. “Mama amepanga foleni, jua limemchoma, ana kuku wanamngoja. Anasema dirisha la kwanza, anaenda zake.”

Msimu uliopita matokeo yake yalionekana wazi. Trekta la ushirika liliingia katika shamba ambalo tayari lilikuwa limefunguliwa maji, likazama hadi kwenye ekseli. Likavutwa na trekta jingine la kukodi, na matengenezo yakameza shilingi elfu tisini za wakulima. Gichuki bado ana picha ya trekta hilo kwenye simu yake na humwonyesha kila mgeni.

“Programu yangu ilikuwa haijui,” anasema. “Maji yameandikwa kwa Bridget, trekta limeandikwa kwangu, na sisi tunakaa meza moja. Hebu fikiria aibu hiyo.”

Ndipo Bridget akapendekeza programu zote tatu zihamie kwenye folda moja kubwa, ambayo watu wa kazi yao huiita monorepo, na chini yake iwepo hifadhidata moja inayotumiwa na zote. Mkulima ataandikwa mara moja tu. Akibadilisha namba dirisha moja, madirisha yote yatajua.

Alilieleza wazo hilo mbele ya kamati ya ushirika, Ahero, bila kompyuta.

“Niliwaambia sasa hivi tuna maboma matatu, kila moja na lango lake na kisima chake. Mimi nataka boma moja, nyumba tatu ndani, kisima kimoja. Mtu akitia sumu kisimani, nyumba zote tatu zitajua siku hiyo hiyo.”

Mwenyekiti, Mzee Opondo, aliuliza kama ilikuwa lazima kutaja sumu. Kisha kamati ikakubali.

Bridget hakuanza na kazi hii. Alizaliwa karibu na Awasi, akasomea stashahada ya kompyuta Kisumu, kisha akafanya kazi miaka kadhaa katika kampuni moja ya bima jijini Nairobi. Mama yake alipougua alirudi kumwuguza, na alipopona hakutaka tena kuondoka. Alianza na kutengeneza printa hapa Kondele. Leo ushirika unamlipa shilingi elfu thelathini na nane kwa mwezi, chini ya nusu ya mshahara wake wa zamani. Ana watoto wawili, na karo hailipwi kwa mapenzi ya kazi, kwa hiyo Jumamosi bado anatengeneza printa.

“Nairobi nilikuwa naandika programu na sijui nani anaitumia,” anasema. “Hapa nikikosea, mtu anapanda gari anakuja kunikalia kwenye benchi.”

Anawatazama wanawake wawili wa benchini. Rachael anainua kichwa kidogo, kama mtu aliyetajwa kanisani.

Kabla ya kufika kwenye kosa la leo, ni lazima kumzungumzia Wakoli, karani wa ofisi ya Ahero, kwa sababu yeye ndiye aliyesababisha kuwepo kwa “vibarua”.

Zamani Wakoli alipobonyeza “Tuma”, kompyuta yake iliganda hadi ujumbe wa mkulima wa mwisho uondoke. Mtandao wa Ahero ukiwa mbaya, skrini iliweza kukaa hivyo hadi chakula cha mchana. Wakoli, akidhani haijasikia, alibonyeza tena. Na tena. Siku moja mkulima anayeitwa Mzee Obonyo alipata ujumbe wa zamu ya maji mara nne, akaenda kwa mlinzi wa lango la mfereji akidai siku nne za maji.

“Na alikuwa na ushahidi,” anasema Gichuki. “Alimwonyesha mlinzi ujumbe mmoja mmoja.”

Bridget akaiondoa kazi ya kutuma mikononi mwa Wakoli. Sasa karani anabonyeza mara moja, anajibiwa “Imepokelewa”, na anaendelea na chai yake. Nyuma ya pazia kuna programu ndogo zinazochukua kazi moja baada ya nyingine kutoka kwenye foleni na kuzimaliza zenyewe.

“Ukienda posho mill hukai umeshikilia debe mpaka unga utoke,” Bridget anaeleza. “Unaliacha kwenye mstari, unaenda kununua nyanya. Mashine inasaga. Ukirudi, unga uko tayari. Mimi nilimtafutia Wakoli mahali pa kuacha debe.”

Programu hizo ndogo anaziita vibarua. Kibarua wa kwanza hutuma ujumbe. Mtandao ukipotea anangoja, ukirudi anaendelea, na anaweka alama kwa kila aliyekwisha kutumiwa ili asitumiwe mara mbili. Kibarua wa pili huangalia foleni ya maji. Mkulima akijiondoa, anaziba pengo kwa kuwasogeza wote walio nyuma siku moja mbele, maji yasije yakapita bure hadi kwenye matete.

Vibarua hawa wamekuwa wakifanya kazi vizuri tangu mwezi wa pili. Jumapili iliyopita Bridget aliunganisha zile orodha tatu za wakulima katika hifadhidata mpya, kazi ya mwisho iliyobaki. Jumatatu haikuwa na neno. Jana jioni ujumbe wa zamu ulitoka. Leo asubuhi wajane wawili wakapanda ngazi za Kondele.

“Mimi ndiye niliyesoma,” anasimulia Rachael. “Simu alinunua mtoto wa huyu mwenzangu, lakini macho ni yangu. Yeye haoni maandishi madogo. Kila ujumbe ukija nasoma wake kwanza, halafu wangu. Jana umekuja mmoja tu. Rachael, Alhamisi. Nikangoja wa pili. Nikaiweka simu kwenye meza tukala. Hakuna.”

Kwenye foleni ya msimu huu Beldina alikuwa apate maji Alhamisi, Rachael Ijumaa, na Mzee Obonyo, jirani yao, Jumamosi. Sasa Rachael amepewa Alhamisi, Obonyo Ijumaa, na walio nyuma yao wote wamesogea. Beldina hayumo popote. Hayumo kwenye maji, hayumo kwenye trekta, hayumo kwenye kinu.

“Kompyuta imenizika mapema,” anasema Beldina. Hacheki, lakini hajakasirika pia.

Miche yake iko kitaluni tayari kwa kupandikizwa. Shamba lisipopata maji wiki hii, miche itazeeka mahali ilipo, na mche uliozeeka hutoa masuke machache. Hana kitalu kingine. Mpunga huo ndio chakula cha nyumba yake na wajukuu wawili anaowalea.

Gichuki anataka njia ya mkato. Wana nakala ya orodha za zamani za Jumamosi. Wakizirudisha, Beldina atarudi nazo mara moja.

“Na watu wote walioandikwa tangu Jumapili?” Bridget anamwuliza. “Na matrekta waliyoomba Jumatatu? Tunawafuta hao ili tumpate huyu?”

“Tutawaandika upya.”

“Wewe utawaandika? Au Wakoli na mtandao wake?”

Bridget anasogeza kiti karibu na meza na kuanza kusoma kumbukumbu za Jumapili, mstari kwa mstari, huku midomo ikitikisika. Fundi wa chini anawasha mashine, taa inafifia, inarudi.

Kisha anaacha kusoma.

“Ni mimi,” anasema.

Orodha tatu za zamani hazikuwa na kitu cha pamoja isipokuwa jina na namba ya simu. Majina hayakufaa, kwa sababu Mfereji wa Tatu una akina Beldina watano na Okinyi wasiohesabika. Bridget akachagua simu. Alitunga kanuni kwamba kila namba ni ya mtu mmoja. Alipoanza kuunganisha, kompyuta ilimwonya kwamba kuna namba zilizojirudia. Alijua Wakoli huwa anaandika mtu mmoja mara mbili. Akaiamuru iwaunganishe.

Kompyuta ikachukua Beldina Okinyi na Rachael Okinyi wenye namba moja, ikabakiza maandishi mapya zaidi, yaani ya Rachael. Foleni ya maji ikabaki na pengo siku ya Alhamisi. Kibarua wa pili akaliona pengo, akaliziba.

“Alifanya nilichomtuma,” anasema Bridget. “Wangekuwa wote na akili ya huyu kibarua ningekuwa tajiri. Mwenye kosa ni aliyemtuma.”

Anageuza kiti awatazame wajane. Hapa sauti yake inashuka kidogo.

“Na mimi nimelelewa na mama wawili. Simu ya kwanza pale kwetu ilikaa kwenye mkebe wa biskuti, nyumba ya mama mkubwa. Mama yangu akipigiwa anaitwa, anakimbia na unga mikononi. Mtu akiniuliza usiku wa manane namba hiyo ni ya nani, nitamwambia ni ya wote wawili. Halafu nakuja hapa naandika namba moja mtu mmoja.”

“Shule inasahaulisha,” anasema Beldina kwa upole.

“Shule haina kosa, Mama. Nilikuwa na haraka.”

Gichuki amepata wazo jingine. Beldina aandikwe upya na awekwe mwisho wa foleni ya mfereji, wiki ijayo mwishoni. Rachael achukue maji yake kesho kama ujumbe ulivyosema. Hakuna mkulima mwingine atakayesumbuliwa.

“Miche ya Mama itachelewa,” anakiri, “lakini angalau shamba moja litapandwa. Kisha mtasaidiana.”

Rachael anamgeukia.

“Wewe ulizaliwa wapi?”

“Hapa hapa Kondele, Mama. Baba alikuwa na duka la vyuma.” Gichuki anamjibu kwa Kidholuo safi kama cha jirani yeyote wa mtaa huu. Wazazi wake walitoka Murang'a, yeye hajui kwingine.

“Na hapo dukani mlipanda nini?”

“Hatukupanda kitu.”

“Inaonekana.”

Kisha anamweleza, kwa subira ya mtu anayemfunza mkwe. Beldina ni mikayi, mke wa kwanza. Yeye Rachael ni nyachira, wa pili. Katika boma la Wajaluo mikayi ndiye anayetangulia kuweka mbegu ardhini, na wengine hufuata. Mume amekufa, lakini boma halijafa. Mpunga umekuja na mifereji yake, nao umeingizwa kwenye utaratibu huo huo. Kwa hiyo maji ya kesho hayamsaidii Rachael hata kidogo. Mikayi akiwekwa mwisho wa foleni, miche ya wote wawili itazeeka.

“Lakini nyinyi ni watu wa kanisa,” Gichuki anasema.

“Kanisani tunaenda pamoja, na mlangoni anatangulia vilevile.”

“Na ukipanda tu? Nani atajua?”

“Mimi nitajua,” Rachael anasema. “Na huyu tunakula naye. Nikimtangulia halafu mambo yaharibike, utakuja wewe kuishi kwangu?”

Gichuki anainua mikono kukubali kushindwa. Beldina anamwambia asijali, hata marehemu mume wao alihitaji kuelezwa mambo mara mbili.

Hata hivyo Rachael angeweza kunyamaza, akachukua siku ya kesho, akaacha jina la mwenzake lipotee. Anapoulizwa kwa nini hakufanya hivyo, anashangaa swali lenyewe.

“Nitamwambia nini jioni?”

Sasa iko njia moja tu. Beldina arudishwe Alhamisi, Rachael Ijumaa, Obonyo Jumamosi, na kila aliye nyuma arudi siku moja. Hiyo ina maana ya kutuma ujumbe wa pili kwa mfereji mzima, kukanusha ule wa jana.

Bridget anampigia simu mwenyekiti, anaiweka kwenye spika na kumweleza.

“Madam,” inasema sauti ya Mzee Opondo, na nyuma yake mbuzi analia. “Watu wameshapanga vibarua wa kupandikiza. Jana umewaambia hivi, leo unawaambia vile?”

“Jana nilikosea, Mzee.”

“Kosea kimyakimya basi. Mpe huyo mama nafasi yoyote.”

“Mama huyo ni mikayi. Ujumbe umempa nyachira kesho.”

Opondo anamkemea mbuzi. Mbuzi anaendelea.

“Hilo hukuniambia,” anasema Opondo. “Hata hivyo sikia. Ukituma ujumbe wa pili na ukawa na kosa tena, Jumatatu narudisha ubao wa zamu na chaki pale langoni kama zamani. Kamati itaniunga mkono, na wewe unajua.”

“Najua.”

“Na watu watakuja kwangu kulalamika.”

“Hawatakuja kwako. Nitaweka namba yangu.”

Anapokata simu, Gichuki anamwuliza kama anamaanisha. Kurudi kwa ubao ni mwisho wa kazi yao wote wawili.

“Kwani niweke namba ya nani?” anasema Bridget. “Leta kiti.”

Kinachofuata hakina kelele. Kwanza Bridget anatengeneza nakala ya hifadhidata nzima, ili afanye majaribio kwenye nakala na asiguse ile halisi. Kisha anafuta kanuni yake. Kuanzia sasa mkulima hatambuliwi kwa simu, bali kwa namba ya shamba lake, ile iliyoandikwa kwenye kigingi cha ukingoni. Simu inakuwa kitu ambacho hata watu wanne wanaweza kutumia pamoja.

Anahifadhi. Kompyuta inazipima programu zote tatu kwa pamoja. Ya maji inakubali. Ya kinu inakubali. Ya trekta inajaa mistari myekundu.

“Yako hiyo,” anasema Bridget.

“Naiona.”

“Inatafuta simu kila mahali.”

“Nimesema naiona.”

Lakini Gichuki anatabasamu, na hii ndiyo sehemu anayotaka msomaji aielewe. Zamani, kila programu ikiwa kwake, Bridget angebadilisha kanuni leo na yeye angegundua wiki ijayo, pengine kwa trekta jingine kuzama. Sasa imelalamika kabla ya chai. Anaanza kurekebisha mstari mmoja baada ya mwingine, huku Bridget akisoma begani pake na kumsahihisha zaidi ya anavyopenda.

“Wanafanana na sisi,” Rachael anamnong'oneza Beldina, kwa sauti inayosikika vizuri.

“Huyo msichana ni mikayi,” anasema Beldina.

Bridget anawamiminia chai kutoka kwenye thermos na kuwapa mandazi aliyonunua kwa ajili ya mchana. Wakati Gichuki anamalizia, anapekua zile namba zilizojirudia Jumapili. Nyingi kweli zilikuwa za mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Mbili ni za nyumba nyingine zenye wake wenza na simu moja, ambazo zamu zao zilikuwa bado hazijafika. Zingepotea vilevile, bila mtu wa kupanda ngazi kuuliza. Anawarudisha wote.

Anataka siku moja mifereji mingine ya Kano ijiunge na hifadhidata hii, na pengine mvua ikizidi mtoni watu wa mabondeni wapate ujumbe kabla maji hayajawafikia. Ameshaandika barua mbili kwa wafadhili. Hajajibiwa.

“Lakini wakinijibu leo ningewaambia wangoje,” anasema. “Siwezi kuchukua mifereji kumi kama kwenye mmoja tu nimempoteza bibi.”

Muda mfupi kabla ya saa sita, mistari myekundu ya trekta inaisha. Bridget anajaribu kwenye nakala. Beldina, Alhamisi. Rachael, Ijumaa. Obonyo, Jumamosi. Anajaribu tena. Anamwita Rachael aje asome kwenye skrini, na Rachael anasoma kwa kidole, akitafuta jina la mwenzake kwanza.

Kisha Bridget anabadilisha hifadhidata halisi na kuandika ujumbe mwenyewe:

“Ujumbe wa jana wa maji ulikuwa na kosa. Zamu zimerudi kama mwanzo, siku yako iko hapa chini. Kosa ni langu. Nipigie. Bridget.” Na namba yake.

“Ondoa ‘kosa ni langu’,” anasema Gichuki. “Sema ‘kosa la mitambo’.”

“Mitambo ilifanya nini?”

Anabonyeza. Skrini inajibu “Imepokelewa”, na kibarua wa kwanza anaanza kazi. Majina yanapita moja moja na kuwekewa alama.

Ndani ya mkoba mweusi simu inatetemeka. Baada ya muda mfupi inatetemeka tena.

Rachael anaitoa, anaiweka mbali kidogo na macho. “Beldina Okinyi, Alhamisi. Rachael Okinyi, Ijumaa.”

“Soma tena,” anasema Beldina.

Anasoma tena. Beldina anafunga vizuri kitambaa cha kichwa, anatafuta viatu vyake chini ya benchi. Lango la mfereji hufunguliwa alfajiri, na ukingo wa shamba lake unahitaji kuzibwa matundu ya panya kabla ya jioni. “Ero kamano, nyathina,” anamshukuru Bridget, akimwita mwanangu, na anatangulia kushuka ngazi. Rachael anafuata na mkoba.

Hawajafika chini, simu ya Bridget inalia. Ni Mzee Obonyo, yule aliyewahi kudai siku nne. Gichuki anashika kichwa.

“Mzee, ni mimi niliyekosea,” Bridget anaanza mara moja. “Ni Jumamosi, si Ijumaa. Kama umeshaita watu wa kupandikiza—”

“Sijaita mtu,” anasema Obonyo. “Beldina amepata?”

“Amepata. Kesho.”

“Basi sawa. Jana Rachael aliniambia amepewa Alhamisi, nikajua kuna mahali pamefungwa vibaya. Nyachira atangulie? Tulikaa tu tukingoja mrekebishe.”

“Mbona hukunipigia?”

“Hukuwa umeweka namba.”

Bridget anaweka simu mezani. Kisha anamfungua kibarua wa pili, yule wa kuziba mapengo, na kuanza kufuta mistari.

“Unamfuta kazi?” Gichuki anauliza.

“Namfundisha adabu. Akiona pengo asisogeze mtu. Ampelekee Wakoli jina, Wakoli ampigie mwenye shamba amwulize.”

“Wakoli atalalamika.”

“Alalamike. Atakuwa anaongea na watu.”

Programu zote tatu zinapimwa upya na zote zinakubali. Bridget anamrudisha kibarua kazini, anasogeza kiti nyuma na kuchukua andazi la mwisho. Simu inalia tena. Anaipokea kabla ya kumeza.